Kasa akinasa kwenye jarife usimrudishe majini haraka

Wavuvi wenzangu salaam. Hili nimelikosea miaka mingi. Nikivuta jarife (nyavu kubwa ya kutega) nikamkuta kasa amelegea hatikisiki, namtoa namrudisha baharini fasta nikijua nimemsaidia, kumbe ndo namzamisha. Kasa ana mapafu kama sisi, lazima apande juu avute pumzi, akibanwa chini na nyavu anakunywa maji anazimia, ukimuona unasema huyu kafa na bado yuko hai.

1. Mpandisheni watu wawili, mmoja ashike gamba mbele na mwingine nyuma. Msimvute mapezi, yanateguka. Uzi uliomkaza kata, najua nyavu ni pesa ila macho matatu manne unashona jioni.

2. Mlaze tumbo chini. Sio chali, hata kama ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya. Nyuma muinue na ubao au kamba, kama shubiri moja hivi, maji yamtoke.

3. Kivulini, kitambaa kibichi mgongoni, pua iwe wazi.

4. Subiri. Hapa ndo wengi tunashindwa maana safari inaendelea na yeye kalala tu. Mguse taratibu pembeni ya jicho au mkiani, akishtuka yupo. Inaweza kuchukua masaa, mpaka 24.

5. Akichangamka, zima mashine, angalia hamna nyavu karibu, mteremshe kichwa mbele pole pole. Usimrushe.

Maswali

Kaka, akiwa kafa kweli si tumle tu kuliko kuoza?
Hapana ndugu yangu, nakuomba. Machi 2024 Kisiwa Panza, Pemba, walikufa watu 9 kwa nyama ya kasa, 8 watoto wadogo, na Novemba 2021 hukohuko Pemba walikufa 7. Sumu yake kupika hakuitoi na dawa yake hakuna. Mwambie afisa uvuvi au BMU, yaani kikundi cha kusimamia pwani yenu. Isitoshe sheria imekataza.

Na ng'amba je?
Ng'amba, duvi, kigome, wote ni aina za kasa, wahudumie hivyohivyo. Noa tu, yule kasa mkubwa kuliko wote, ndo usijaribu kumpandisha kwenye ngalawa, ana mamia ya kilo, mkatie nyavu humohumo majini.

Kameza ndoana, nivute?
Usivute, utamchana koo. Kata mshipi karibu kabisa na mdomo.

Nifanyeje wasinase kabisa?
Usilaze jarife usiku kucha bila kulikagua, na usitege kwenye majani ya bahari, pale ndo malishoni kwao.

Huku Watamu, Kenya, tunawapigia Local Ocean, shirika la kuokoa kasa, wanakuja kumchukua, nyie je?
Mna bahati, sisi tunajitegemea wenyewe.

Masaa 24 kweli mzee? Si nitalala nae?
Rudi nae pwani, mpe kivuli, kaa nae. Yule wangu wa mwisho tulishakata tamaa, tumeshafika bandarini samaki wameshauzwa, kijana wangu kumgusa jicho, akafumba.