Kuandaa kipindi cha redio kuhusu kipindupindu: anzia mwaloni

Nawaandikia wenzangu wa redio za jamii hapa Kigoma, hasa mnaoanza kushika kipaza sauti.

Hatua ya 1: Nenda mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, kabla ya ofisini

Msimu mmoja wa mvua nilitangaza wiki nzima, "Chemsheni maji ya kunywa." Nilipofika mwalo wa Kibirizi kurekodi, mama mmoja anayeanika dagaa akaniuliza, "Mwanangu, mkaa utaninunulia wewe?" Sikuwa na jibu. Nilichosema kilikuwa sahihi kitabibu, ila kwake hakikuwa na msaada wowote.

Tangu siku hiyo natangulia na maswali. Maji mnachota wapi? Mnayaweka kwenye nini? Mvuvi akibanwa na haja usiku katikati ya ziwa anafanyaje, na akishikwa na kiu anakunywa nini? Kipindi chako kitatoka kwenye majibu hayo.

Hatua ya 2: Mpelekee mtaalamu maswali ya watu

Ukimwomba ofisa afya "azungumzie kipindupindu" atakupa hotuba. Muulize la yule mama: asiye na mkaa afanyeje? Hapo ndipo atakapoeleza vidonge vya klorini: unatia kwenye ndoo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, unakoroga, unasubiri nusu saa ndipo unakunywa.

Mambo haya yasikosekane. Dalili kuu ni kuharisha ghafla choo cha majimaji, kama maji ya mchele, na huanza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya vimelea kuingia mwilini. Mgonjwa mahututi asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji, lakini wengi hupona kwa ORS, unga wa kuchanganya na maji unaorudisha maji na chumvi mwilini, wakiwahi. Aliyeambukizwa bila kuugua naye hutoa vimelea kwenye choo kwa siku 1 hadi 10. Ndiyo maana kila mtu atumie choo, hata anayejiona mzima.

Pakiti ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi, na ikipita saa 24 yanayobaki humwagwa. Nani nyumbani ana kipimo cha lita? Sema "chupa mbili za nusu lita".

Hatua ya 3: Kiha kisemwe na Muha

Usitafsiri mwenyewe studioni kama Kiha chako, lugha ya Waha wa hapa Kigoma, ni cha sokoni. Mpe mama anayeheshimika mtaani aeleze kwa maneno yake, kisha mtaalamu asikilize kabla hamjarusha.

Hatua ya 4: Usimtafute wa kulaumiwa

Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka wa Burundi, walikorundikana maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi kabla ya meli ya MV Liemba na vyombo vingine kuwaleta Kigoma mjini. Ukilisimulia hilo, eleza msongamano, uhaba wa vyoo na maji ya ziwa yasiyotibiwa. Uraia wa mtu hauleti ugonjwa. Jina la mgonjwa na nyumba yake usivitaje kabisa, maana jirani akishasikia aibu ile redioni, wa kwake atamficha ndani.

Hatua ya 5: Fuata mwezi

Dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hupumzika nchi kavu. Siku hizo ndizo za kipindi cha moja kwa moja jioni, simu zikiwa wazi. Siku za giza, weka tangazo fupi kabla ya mitumbwi kuondoka, na jingine asubuhi wakati wa kuanika.

Hatua ya 6: Rudi ulikotoka

Usiulize kama kipindi kilipendeza. Uliza, "Ulisikia tunasema ufanye nini?" Kijana mmoja wa Katonga alinijibu bila kusita kwamba kidonge cha klorini unameza asubuhi kabla ya chai. Nilisisimka mwili. Tulikuwa tumetamka neno "kidonge" mara nyingi na neno "ndoo" mara moja tu.

Kesho yake, saa ile ile, tulirudi hewani na kusahihisha: hakimezwi, kinatiwa kwenye ndoo ya maji. Tukarudia kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha, siku saba mfululizo.