Somo: Kutembelea Jengo la Bunge la Texas, Austin

Ndugu zangu mlioko Texas, wengi tunapita Austin tukitoka Dallas kwenda San Antonio, na lile kuba tunaliona kwa mbali tu. Safari hii ingieni. Ni bure.

Hatua ya 1: Gari liache kwenye maegesho ya wageni, mtaa wa San Jacinto. Masaa mawili ya kwanza hulipi.

Hatua ya 2: Nenda mlango wa kusini, lakini usikimbilie ndani. Weka kiganja ukutani kwanza. Jengo lilijengwa kati ya 1882 na 1888, na graniti hii nyekundu ilichimbwa na wafungwa. Jimbo halikuwa na fedha, likawalipa wajenzi kwa ardhi, eka milioni 3. Mimi huwakumbuka wale wafungwa kila nikifika hapo.

Hatua ya 3: Ukishakaguliwa, nenda moja kwa moja chini ya kuba. Inua kichwa. Ile nyota inayoonekana kama sahani ina upana wa karibu mita 2 na nusu! Simama katikati ya sakafu upige kofi, usikie linavyokurudia.

Hatua ya 4: Tazama bawaba za milango. Ni za shaba nyeusi, nzito, zimechongwa nakshi na kuandikwa "Texas Capitol". Wageni wengi huzipita bila kuziona, na kwangu ndizo zinazopendeza kuliko picha zote za magavana.

Hatua ya 5: Ukitoka, pita bustani ya kusini kwenye mnara wa historia ya Wamarekani Weusi. Pale utaona habari ya Juni 19, 1865, siku watumwa wa Texas walipotangaziwa uhuru huko Galveston. Usiondoke bila kufika hapo, hasa ukiwa na watoto.

MASWALI

Swali: Mkuu, mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Ataweza?
Jibu: Ataweza kabisa. Mpitishe mlango wa kaskazini, na ndani lifti zipo. Shikamoo yake.

Swali: Na kikao cha Bunge tunaruhusiwa kukiona?
Jibu: Ndiyo dada, panda roshani za ghorofa ya tatu. Ila vikao vya kawaida ni miaka isiyogawanyika kwa mbili, kuanzia Januari, visizidi siku 140. Mwaka mwingine utakuta viti vitupu, ingawa ukumbi wenyewe bado unafaa kutazamwa.