Barua isiyo na jina ikifika ofisini

Nilipokuwa afisa wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha unga hapa Nakuru, asubuhi moja nilikuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu, nyuma ya risiti ya mizani: karani wa kupima unyevu anapewa bahasha ili mahindi mabichi yapite kana kwamba hayazidi asilimia 13.5. Nikampelekea mkurugenzi. Swali lake la kwanza: "Nani ameandika hii?" Akaitisha daftari la mahudhurio tulinganishe mwandiko.

Kosa lilikuwa langu. Ningeyapiga chapa yale maneno, karatasi yenyewe niifungie kabatini.

Mwajiri, lirudishe hilo daftari. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016 kinamkinga mfichuzi: ukimshusha cheo, ukimfuta, ukimhamishia pabaya au ukimtisha, ni faini ya hadi shilingi 1,000,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nilimweleza mkurugenzi hivyo. Akaniuliza kama namtisha.

Chunguza madai, si mwandiko. Tulimwita mtu wa idara nyingine, akapima upya magunia kutoka malori matatu yaliyokuwa yamekubaliwa. La kwanza tu kipimo kilisoma 17.

Wengi hungoja uchunguzi wao uishe ndipo waripoti. Hapana: kifungu cha 14 kinamtaka mwenye mamlaka, hata katika kampuni ya kibinafsi, kuripoti shuku ya hongo kwa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ndani ya saa 24. Karani naye usimfukuze kwa hasira. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inampa nafasi ya kujitetea akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama.

Mfichuzi akijitokeza, jina lake lijulikane na mtu mmoja tu, lisiingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Na miezi miwili baadaye msimamizi akikuletea barua ya kumtaka ajieleze kwa kuchelewa, uliza: wengine waliochelewa wiki hiyo wameandikiwa? Kumfuta mtu kwa sababu amelalamika dhidi ya mwajiri hakukubaliki, labda malalamiko yathibitike ni ya ovyo na hayana msingi. Fidia hufika mshahara wa miezi 12.

Pale kiwandani waliotumia kalamu nyekundu walikuwa wawili tu. Mkurugenzi sikumwambia, na wao sikuwauliza.