SOMO: Kupanga ndege, gari la kukodi na kupanda daraja la siti mnaposafiri kama familia

Wakuu, salaam. Kila likizo inapokaribia napokea ujumbe uleule: "Tuko watano, naanzia wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka utaratibu wote hapa. Someni mpaka chini kabla ya kuuliza, tafadhali.

Kabla ya yote: familia si msafiri mmoja mara tano. Mtu mmoja akikwama njiani, kesho yake anapata siti moja iliyobaki na safari inaendelea. Ninyi mkikwama mnatafuta siti tano kwa mkupuo, na hizo hazipatikani kirahisi msimu wa likizo. Kila ninachosema hapa chini kinatokana na hilo. Legezeni kidogo kwenye bei, lakini msikubali kabisa kutawanyika.

Hatua ya 1: Pasipoti. Angalia tarehe ya mwisho ya kila mtu, hasa watoto. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Nchi za Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) zinataka miezi 3 baada ya siku mtakayotoka. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake na vyeti vya kuzaliwa.

Hatua ya 2: Umri wa watoto siku ya KURUDI. Mtoto chini ya miaka 2 anapakatwa, na kwenye safari za kimataifa mara nyingi hulipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 mkiwa huko huko, kurudi anatakiwa awe na siti yake. Mueleze mkata tiketi mapema.

Hatua ya 3: Tafuta bei kwa idadi tofauti. Ndege moja ina nauli za makundi mengi ndani ya daraja lilelile, na kila kundi lina siti chache. Ukitafuta siti tano kwa pamoja wakati kundi la bei ya chini limebakiwa na siti tatu, mfumo kwa kawaida unawapandisha wote watano kwenye kundi la juu yake. Kwa hiyo tafuta tano, kisha nne, kisha tatu, ulinganishe bei ya kichwa kimoja. Tofauti ikiwa ndogo, achana nayo, kateni wote kwa pamoja. Ikiwa kubwa mno, gawa bukingi mara mbili, lakini kila bukingi iwe na mtu mzima na watoto wake. Mtoto asibaki kwenye bukingi ya peke yake hata kwa dakika kumi.

Hatua ya 4: Safari yote iwe kwenye tiketi moja. Hii ndiyo hatua niliyowahi kuiharibu, kwa hiyo vumilieni urefu wake.

Utakuta mtandaoni ndege ya kwanza ya kampuni moja na ya pili ya kampuni nyingine, zimenunuliwa mbali mbali, na jumla yake ni nafuu sana. Inavutia. Lakini kisheria hizo ni safari mbili zisizojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili inawahesabu kuwa hamkutokea. Haidaiwi siti nyingine, haidaiwi hoteli, haidaiwi hata maelezo. Na kwa kuwa abiria asiyetokea kwenye kipande kimoja (yaani ndege moja ya safari) hufutiwa vipande vyote vinavyofuata kwenye tiketi hiyo, mnaweza kupoteza na ndege ya kurudi. Mtanunua upya siti tano, bei ya siku hiyo.

Tiketi ikiwa moja, mkiachwa na ndege ya kuunganisha kwa sababu ya ucheleweshaji wao, ni wajibu wao kuwafikisha. Ulaya kuna Kanuni namba 261 ya mwaka 2004: mkiondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya na kuchelewa kufika mwisho wa safari kwa saa 3 au zaidi, kwa kosa lililo ndani ya uwezo wa kampuni, kila abiria anastahili fidia ya euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. "Mwisho wa safari" hapo ni mwisho wa bukingi yenu. Ukiwa na tiketi mbili, mwisho wako ni pale tiketi ya kwanza inapoishia.

Mambo ya kuangalia hapa:

- Tovuti ikiandika kwamba mtahamisha mizigo wenyewe, jueni ni tiketi mbili, hata kama mmelipa mara moja.
- Kuchukua mizigo na kuipeleka upya maana yake ni kuingia nchini. Je, viza ya nchi hiyo mnayo? Wote?
- Marekani ni kesi ya pekee: hata tiketi ikiwa moja, kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia kwa kawaida mnapita uhamiaji na kuchukua mabegi kabla ya kuendelea. Saa moja na nusu ya kuunganisha ukiwa na watoto wadogo haitoshi. Mimi sikubali chini ya saa tatu.
- Kama ni lazima ziwe tiketi mbili, laleni usiku mmoja katikati. Gharama ya chumba ni ndogo kuliko siti tano za dharura.

Hatua ya 5: Baada ya kulipa. Namba ya bukingi yenye herufi na tarakimu sita si uthibitisho kwamba tiketi imetolewa. Tafuta namba ya tiketi, tarakimu 13, moja kwa kila mtu. Kisha chagueni siti. Kama ndege inauzwa na kampuni moja na kurushwa na nyingine, siti mara nyingi huchaguliwa kwa inayorusha, kwa namba ya bukingi ya kwao. Iombeni. Rudi kukagua bukingi kila baada ya wiki chache, maana ratiba hubadilishwa na barua pepe hupotea.

Hatua ya 6: Gari. Likodini baada ya ndege, si kabla.

Jina la dereva mkuu na jina kwenye kadi yawe yaleyale. Kampuni nyingi zinataka kadi ya krediti, zinashikilia fedha za dhamana, na kadi ya kawaida ya benki inaweza kukataliwa mezani. Hakikisha ukomo wa kadi unatosha dhamana na bado unabaki na fedha za safari. Andika namba ya ndege kwenye bukingi ya gari ili mkichelewa wajue mko angani na wasiligawe. Siku ya gari ni saa 24: ukichukua saa nne asubuhi na kurudisha saa saba mchana, unaweza kulipia siku nzima ya ziada.

Ukubwa. Gari la siti saba, siti zote saba zikikaliwa, mara nyingi halina buti la maana. Watu watano na mabegi makubwa matano hawaenei kwenye gari dogo la saluni. Hesabu mabegi kwanza, vichwa baadaye. Na kama hujui kuendesha manyuo (gari la gia za mkono), chagua otomatiki wakati wa kubuku, kwa sababu Ulaya manyuo bado ni mengi na otomatiki huisha.

Bima inayokuja na gari karibu kila mara ina kiasi ambacho wewe unabeba kwanza, na mara nyingi haigusi matairi, vioo na uvungu. Jua kiasi hicho kabla hujasimama mbele ya meza, ukiwa na usingizi na mtoto analia. Piga video ya gari zima, matairi na geji ya mafuta, wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha.

Hatua ya 7: Kupanda daraja, yaani kutoka siti za kawaida kwenda za daraja la juu. Iwe ya mwisho. Kuna njia tatu: pointi mlizokusanya kwa kusafiri na kampuni, fedha taslimu wakati wa kujiandikisha kwa safari (check-in), na zabuni ambapo mnataja kiasi na kampuni inaamua. Nauli za chini kabisa mara nyingi haziruhusu kupanda kwa njia yoyote, kwa hiyo soma masharti ya nauli kabla ya kununua. Kama safari ina vipande viwili, fedha ziende kwenye kipande kirefu cha usiku. Kulala saa saba ni thamani, lakini kukaa kwenye kiti kipana saa mbili mchana sioni faida yake.

Karibuni kwa maswali.

---

Chipukizi: Mkuu tupo wanne tunataka kusafiri, tiketi ni bei gani?

Mwandishi: Kutoka wapi, kwenda wapi, lini, watoto wa umri gani? Soma Hatua ya 2 na ya 3.

Chipukizi: We sema makadirio tu.

Mwandishi: Siwezi kukadiria safari nisiyoijua.

Mama Mapacha: Asante kwa somo. Nina mapacha wa miezi 9. Kwenye zabuni ya daraja, naweza kuomba mimi peke yangu na baba yao abaki nao nyuma?

Mwandishi: Swali zuri, dada, na wengi hawaulizi mpaka wanafika uwanjani. Zabuni kwa kawaida ni ya bukingi nzima: mnapanda wote au hapandi mtu, na kiasi mnachotaja huhesabiwa kwa kila kichwa, kwa kila kipande. Ili upande peke yako lazima bukingi igawanywe kwanza kwa kuwapigia simu. Wakishaigawa, hakikisha mambo mawili: watoto wameunganishwa na baba, na ombi la vitanda vya watoto halijafutika. Halafu mapacha wana jambo lao. Mtu mzima mmoja hawezi kupakata watoto wawili, kwa hiyo mmoja atahitaji siti yake na kiti kinachokubalika. Hata mkikaa nyote wawili nao, mara nyingi hamruhusiwi kupakata upande mmoja wa safu, kwa sababu kila fungu la siti lina idadi maalumu ya barakoa za oksijeni. Mtakaa mmoja upande huu wa njia, mwingine upande wa pili. Na msipange kubadilishana siti katikati ya safari. Wahudumu wengi hawaruhusu. Mimi ningeacha zabuni na kuzitumia fedha hizo kununua siti ya tatu.

Mama Mapacha: Siti ya tatu sikuwahi kuifikiria. Nashukuru sana.

Mzoefu: Nimesoma Hatua ya 4, unatisha watu bure. Nimeunganisha tiketi mbili miaka yote na sijawahi kuachwa.

Mwandishi: Hongera. Ulikuwa na watoto wangapi?

Mzoefu: Nasafiri peke yangu.

Mwandishi: Basi somo hili halikukuhusu. Kichwa cha habari kinasema familia.

Dereva Mtulivu: Leseni yangu inatosha au nahitaji ile ya kimataifa?

Mwandishi: Inategemea nchi, kaka. Kibali cha kimataifa ni tafsiri ya leseni yako, hakifanyi kazi bila leseni yenyewe, na hutolewa katika nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo kichukue kabla ya kuondoka. Kuna cha mkataba wa Geneva wa 1949 na cha Vienna wa 1968, na havikubaliki kila mahali sawasawa. Japani, kwa mfano, inatambua cha 1949 tu, isipokuwa kwa nchi chache zenye utaratibu wa tafsiri. Uliza aina mapema. Na kama dereva wa pili ni mkeo, mwandikishe. Asipoandikwa akapata ajali, bima inaweza kukataa.

Dereva Mtulivu: Viti vya watoto nibebe au nikodi?

Mwandishi: Beba ukiweza. Kampuni nyingi za ndege huchukua kiti cha mtoto bila malipo, na unakijua historia yake. Cha kukodi hujui kimepita ajali gani, na mara nyingine unafika kimekwisha. Kwa Ulaya angalia lebo ya R44 au R129, ambavyo ni viwango vya usalama wa viti hivyo. Hiyo ya R129 inataka mtoto atazame nyuma mpaka angalau miezi 15. Marekani wana viwango vyao, kwa hiyo kiti cha Ulaya hakihesabiki kule.

Bibi Safari: Nyongeza kutoka kwangu: barabara za kulipia. Mwaka jana nilipita kwenye kamera bila kujua, kampuni ya gari ikanikata ushuru pamoja na ada yao ya kushughulikia, kwa kila mara niliyopita.

Mwandishi: Asante mama, hii ingepaswa kuwa kwenye Hatua ya 6. Watu waulize mezani: barabara hizi zinalipwaje, na kifaa cha kulipia kikiwa ndani ya gari kinatozwa kwa siku au kwa matumizi? Na mashine ya kadi ikiwauliza mlipe kwa fedha ya kwenu au ya nchi mliyopo, chagueni ya nchi mliyopo. Hiyo nyingine wanabadilisha kwa kiwango chao.

Chipukizi: Sawa mkuu, nimesoma. Tunatoka tarehe 12, tunarudi 26, mdogo anatimiza miaka 2 tarehe 20. Kwa hiyo kurudi anahitaji siti?

Mwandishi: Ndiyo, sasa tunaelewana. Wapigie kabla ya kulipa, waambie tarehe ya kuzaliwa, wakupe bei ya akiwa amepakatwa kwenda na siti kurudi. Mifumo mingi ya mtandaoni haijui kuuza mchanganyiko huo. Linganisha pia na siti ya mtoto kwenda na kurudi, ukipima tofauti ya bei na urefu wa safari yenyewe. Nitumie miji na saa za ndege ulizoziona, nitaangalia nafasi ya kuunganisha.