Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuongeza Busti kwenye Injini ya Supachaja, Hasa kwa Gari la Mwanza

Kabla hujaagiza puli ndogo ya supachaja, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuipa busti (presha ya ziada ya hewa), pima mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa imepata moto. Silinda moja ikipishana na nyenzake kwa zaidi ya asilimia 10, fedha ya puli iende kwenye matengenezo ya injini, na mjadala uishie hapo. Oili inayovuja na rejeta iliyoanza kuziba navyo vishughulikiwe kabla, si baada.

Jambo linalofuata ni kuelewa unachokibadilisha. Gari lenye tabo, ambayo huzungushwa na moshi wa injini, huongezewa presha kwa kurekebisha vali inayopitisha moshi pembeni ya tabo, lakini supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki (mhimili mkuu wa injini), kwa hiyo njia ya kawaida ya kupata busti zaidi ni kuifungia puli ndogo ili izunguke haraka kuliko ilivyotoka kiwandani. Hesabu yake ni ya kalamu na karatasi: gawanya kipenyo cha puli ya krenki kwa kipenyo cha puli ya supachaja, kisha zidisha kwa mizunguko ya injini. Puli ya krenki ya milimita 150 ikivuta puli ya milimita 75, na injini ikiwa kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, supachaja huzunguka mara 13,000. Ukishusha puli hadi milimita 65, unafika 15,000. Linganisha jibu hilo na kikomo alichoweka mtengenezaji wa supachaja yenyewe, wala usiridhike kuambiwa kwamba fulani amefunga na hajapata shida. Wenye Mini Cooper S za supachaja, nyingi zikiwa zilizotoka kabla ya mwaka 2007, wamezoea kupunguza kipenyo cha puli kwa asilimia 15, lakini kipimo hicho ni cha gari hilo. Mwenye SLK Kompressor, gari la Mercedes-Benz lenye supachaja, asikichukue kama kilivyo.

Hewa ikibanwa hupata joto, na supachaja za aina ya Roots (zinazosukuma hewa kwa rota mbili) huipasha kwa kiasi ambacho wengi hawakitarajii. Ukikokotoa kwa ufanisi wa asilimia 60, hewa ya nyuzi 27 ikibanwa mara 1.5 hutoka ikikaribia nyuzi 90, na ikibanwa mara 1.7 hufika karibu 110. Hewa ya moto ndiyo inayoifanya petroli iwake kabla ya wakati wake na injini ianze kugonga, kwa hiyo fikiria intakula (kipoza hewa iliyobanwa) kabla ya puli. Kama ipo tayari, ivue uioshe. Anayeendesha jioni kandokando ya ziwa, wakati wale wadudu wadogo wanapoinuka majini kama moshi, akague mapezi ya intakula, rejeta na chujio la hewa mara nyingi zaidi kuliko kitabu cha gari kinavyoagiza.

Plagi ziwe za daraja moja baridi zaidi, yaani zinazotoa joto haraka zaidi, na mwanya wake upunguzwe kidogo. Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ipangwe kwa petroli unayoijaza kila siku katika vituo vya hapa, si kwa petroli ya oktani 98 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga) ambayo programu ya kompyuta ya gari ya kununua mtandaoni imeichukulia kuwa ndiyo uliyonayo.

Sasa niseme jambo ambalo mafundi wetu hulipita haraka, nalo ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo presha ya hewa ni kama kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Supachaja haijui iko mji gani. Kazi yake ni kuizidisha hewa inayoikuta. Ikiibana mara 1.5 hapa Mwanza, geji itaonyesha busti ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 6.4 hivi; gari hilohilo likifika Dar es Salaam, bila mtu kugusa hata boliti, geji itasoma psi 7.3 na injini itameza hewa zaidi kwa takribani asilimia 15. Hewa hiyo inataka petroli yake.

Kijana mmoja ninayemfahamu alifungiwa puli ndogo katika gereji moja ya hapa jijini, na kusema kweli kazi ilikuwa safi. Gari lilijaribiwa katika barabara ya kwenda Magu, mchanganyiko wa hewa na petroli ukawa mzuri, na hakuna aliyesikia injini ikigonga. Katika rekodi za kompyuta ya gari, hata hivyo, palikuwa na namba moja ambayo haikumshughulisha mtu: injini ilipofikia nguvu zake zote, nozeli za petroli, zinazonyunyizia petroli kwenye injini, zilikuwa wazi kwa asilimia 92 ya muda wake. Wiki chache baadaye akaanza safari ya Dar. Alipita Shinyanga, Singida na Dodoma bila tatizo, na si ajabu, kwa sababu Singida iko juu kuliko Mwanza na Dodoma inalingana nayo kwa karibu. Baada ya Gairo barabara huanza kushuka kuelekea Morogoro. Alipofika huko alinipigia simu akiwa na furaha kwamba gari limeongezeka nguvu, na mimi, badala ya kufurahi naye, nilimsihi apunguze mwendo na asikanyage mafuta mpaka mwisho. Nadhani alidhani nina wivu. Zidisha 92 kwa 1.15 uone kilichokuwa kinamsubiri: kwa hewa ya pwani nozeli zilitakiwa kuwa wazi kwa karibu asilimia 106 ya muda, jambo lisilowezekana. Mchanganyiko ulipungukiwa petroli, joto likapanda ndani ya silinda, na kabla ya kufika Chalinze pistoni moja ilikuwa imemeguka kwenye kingo zinazoshika ringi. Gari lilimalizia safari juu ya lori.

Kwa hiyo, injini inayopangwa Mwanza ipangwe kana kwamba kesho inahamia Tanga. Nozeli zisizidi asilimia 75 ya muda wake zikiwa hapa, ili pwani zisivuke 86 au 87. Pampu ya petroli ipimwe kama inahimili presha yake injini ikiwa chini ya mzigo, si ikiwa imesimama gereji. Na fundi aonyeshe kwamba kompyuta ya gari inasoma presha ya hewa ya nje na kurekebisha petroli na taimingi ipasavyo. Akikujibu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, tafuta fundi mwingine.

Mkanda nao usisahaulike. Puli ndogo ina eneo dogo la kushikwa, hivyo mkanda huteleza, busti hushuka katika mizunguko ya juu, na mwenye gari huhitimisha kwamba anahitaji puli ndogo zaidi. Mara nyingi anachohitaji ni mkanda mpya wa urefu sahihi na kikaza mkanda chenye nguvu.

Funga geji ya kusoma mchanganyiko kwenye bomba la moshi na uiache humo daima. Kwa petroli, wakati wa busti kamili, uwiano wa hewa kwa petroli kati ya 11.5 na 12 kwa 1 ndio wa kuanzia. Ukiona 13, ondoa mguu papo hapo. Majaribio yafanyike kwa hatua, kwanza nusu ya mafuta na baadaye mafuta kamili kwa sekunde chache, huku kuna mtu wa pili anayesoma kompyuta, na yasifanyike Nyakato au Buzuruga ambako bodaboda na watoto wanakatiza barabara. Breki, matairi na klachi vilinunuliwa kwa ajili ya nguvu ya zamani, basi vikaguliwe upya. Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi. Puli ya zamani na mkanda wake visiuzwe, na usimwazime gari mtu asiyejua kusoma geji, hata akiwa shemeji.