Kabla ya kulipia tuisheni ya hisabati

Mzazi mwenzangu wa Malindi, ikiwa mtoto wako yuko kidato cha tatu au cha nne na hisabati inamlemea, usikimbilie tuisheni. Kwanza chukueni karatasi ya mtihani wake wa mwisho, mkae nayo, mtafute ni hatua ipi hasa alama zilianza kupotea. Mara nyingi anayelia na logi au aljebra shida yake ni hesabu za sehemu, kama nusu na robo, na alama za kutoa, mambo ya shule ya msingi. Mwalimu wa ziada asiyejua hilo atarudia mada ileile, na pesa zitakwenda bure.

Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya, una karatasi mbili za hisabati, kila moja saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza ya kila karatasi ina maswali 16 na yote ni lazima. Ya pili mtahiniwa huchagua 5 kati ya 8. Alama hutolewa kwa hatua pia, si kwa jibu peke yake. Kwa hiyo tafuta mtu atakayemfanya mtoto aandike kila hatua huku akiieleza kwa sauti. Kijana wa mtaani aliyefaulu na anasubiri chuo anaiweza kazi hiyo, pengine kuliko darasa la likizo lililojaa watu.

Na mwalimu wake wa shule aulizwe mapema. Wengi wao hukubali kubaki kidogo baada ya masomo, mradi mwanafunzi aje na swali alilokwisha kulijaribu daftarini.