Jiko la spiriti la makopo ya soda kwa safari za shanta

Jiko hili linatoka kwenye makopo mawili ya soda. Halina pampu wala vali, na uzito wake haufiki gramu 20. Linachemsha nusu lita ya maji kwa mililita 25 hadi 30 za spiriti, dakika nane hivi, mradi likingwe upepo na sufuria ikae kwenye kimo chake. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanahangaika na idadi ya matundu, kisha wanaliwasha mahali pa wazi bila kinga na kulilaumu jiko.

Tafuta makopo manene ya mililita 330, yenye kipenyo cha sentimita 6.6: mawili matupu na moja lililojaa, ambalo halijafunguliwa. Makopo membamba marefu hayaendani na vipimo hivi. Uwe pia na mkasi, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, sindano nene, rula, kalamu ya maka na msasa laini.

Anza na kipande cha juu, kopo likiwa bado zima, kwa sababu likishakatwa hulegea na kubonyea ovyo. Kata ukanda wa karatasi unaozunguka kopo mara moja kamili, ukunje nusu kwa nusu mara nne, ukunjue: mikunjo imeugawa sehemu 16. Uzungushe karibu na kitako na utie alama 16 kwenye bega lake, pale bati linapoanza kupinda kuelekea ukingo wa kukalia. Toboa kila alama kwa ncha ya sindano, tundu lisizidi milimita 1. Usipige nyundo; zungusha sindano huku ukisukuma hadi uhisi imepenya. Matundu makubwa hutoa moto mrefu wa njano unaolamba pembeni mwa sufuria na kumaliza spiriti bure.

Sasa ondoa mbonyeo wa katikati ya kitako. Pitisha ncha ya kisu kwa ndani ya ukingo, mduara mzima, kwa mkono mwepesi, na urudie. Baada ya mizunguko kadhaa mstari unaanza kung'aa, halafu unazama, mwisho ncha inatumbukia mahali pamoja na kipande kizima kinasukumika kwa kidole gumba. Ukilazimisha, kisu kitateleza kichane ukingo au mkono. Lainisha kwa msasa, kisha kata kipande hiki kiwe na kimo cha sentimita 3 kutoka kitakoni.

Kopo la pili, kata kitako chenye kimo cha sentimita 3.5, hicho ndicho kipande cha chini. Kutoka ubavuni kata ukanda wa sentimita 5 kwa 17, utakaokuwa ukuta wa ndani. Kwenye ukingo wake mmoja toa pengo tatu ndogo za milimita 5, ambamo spiriti itapita kwenda nyuma ya ukuta. Ukunje mduara unaokaa sawasawa ndani ya mfereji wa kitako, pengo zikiwa chini, kisha ufunge: kata mkato karibu na kila mwisho wa ukanda, mmoja kutoka juu hadi nusu na mwingine kutoka chini hadi nusu, uipishanishe.

Kuunganisha ndiko kunakohitaji subira. Vipande vyote viwili vina upana mmoja, kwa hiyo kimoja lazima kitanuliwe. Sukuma kitako cha kopo lililojaa ndani ya kipande cha chini, taratibu, kama sentimita 1, ulizungushe na kulitoa. Weka ukuta, kisha ingiza kipande cha juu ndani ya cha chini ukisaidiwa na ulimi mwembamba wa bati, kama mtu anayevaa kiatu kwa kijiko chake. Bonyeza kwa ubao bapa hadi ukuta uguse juu. Ukingo ukichanika, mvuke utatokea hapo na kuwaka pembeni. Mchaniko mdogo huzibwa kwa utepe wa aluminiamu wa mafundi wa friji, lakini selotepu itaungua.

Kitegemeo cha sufuria kiwe ukanda wa wavu wa waya wa nusu inchi, miraba sita kwenda juu na sentimita 32 urefu, uliofungwa mduara. Sufuria itakaa kama sentimita 2.5 juu ya jiko. Ikiwa chini zaidi, moto hukosa hewa na kuzima. Juu zaidi, joto hupotea. Wavu wenye zinki uchome kwanza nje, na usivute moshi wake. Kinga ya upepo ikate kutoka trei ya foili nene: ifike katikati ya ubavu wa sufuria, iachane nayo sentimita 1.5 pande zote, iwe na matundu ya hewa chini. Ikibana sana, jiko hupata joto kupita kiasi na spiriti huchemka kwa fujo.

Mimina spiriti katikati, isizidi mililita 40, uwashe, usiweke sufuria bado. Mwanzo moto uko katikati tu. Kuta zikishapata joto, spiriti iliyo nyuma ya ukuta inachemka, kwani huchemka kwenye nyuzi 78, na ndimi ndogo za buluu zinachanua tundu kwa tundu. Zikitimia, weka sufuria. Zikitoka upande mmoja tu, jiko limeinama au pengo zimeziba.

Tumia spiriti ya kuchomea pekee. Petroli italipuka. Mafuta ya taa yatatoa masizi. Jeli ya spiriti haipiti kwenye pengo, na konyagi ya asilimia 35 ina maji mengi mno. Mchana moto wa spiriti ni vigumu kuuona, kwa hiyo usiongeze spiriti kabla hujapitisha kiganja juu kwa mbali na kuhakikisha jiko limepoa. Usiliwashe ndani ya hema, kwa ajili ya moto wenyewe na hewa ya sumu. Kulizima, lifunike kwa kopo kubwa la bati.

Kwenye baridi ya Kilimanjaro, ambako kuni haziruhusiwi, spiriti inaweza kukataa kushika moto alfajiri; lala na chupa ndani ya mfuko wa kulalia. Kule kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi. Chai itakuwa tayari haraka, ila wali utataka muda na spiriti zaidi ya unavyozoea nyumbani.